Mfumo Uliozimwa Siku ya Umuganda

Veronica alikuwa amesimama ndani ya mtaro, matope yamemfika kwenye shingo za mabuti, simu ilipoanza kutetemeka mfukoni. Ilikuwa saa tatu na dakika tano. Hakuna mteja anayepiga simu saa hiyo, Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Saa hiyo Kigali yote iko kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya usafi: maduka yamefungwa, magari yamesimama, na kila mwenye nguvu ameshika jembe au koleo mpaka saa tano. Akaiacha itetemeke. Ilipoanza mara ya tatu alivua glavu kwa meno akaipokea.

"Madame Vero," sauti ya mwanamke ikasema, kavu na ya haraka. "Mashini yenu iko nyeusi. Niko natafuta dawa ya kuzuia damu, sioni iko wapi."

Alikuwa Mukabalisa, mkuu wa wauguzi katika kliniki ya uzazi kule Kimihurura. Alikulia Bukavu, upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilitoka huko pamoja naye. Nyuma ya sauti yake Veronica alisikia viatu vinakimbia.

"Nyeusi namna gani?"

"Nyeusi ni nyeusi. Imeandika tutarudi saa tano. Nani atarudi saa tano? Mama iko natoka damu sasa."

Hapo ndipo Veronica alipoelewa. Hakuuliza swali la pili. Alimwambia Mukabalisa afungue kila friji iliyomo kwenye jengo, chumba kwa chumba, asiingoje mashine. Kisha akapanda kutoka mtaroni, akapita mbele ya kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wao, bila kuaga, akaanza kuteremka kilima cha Rebero kwa miguu. Hakuona kwamba jembe bado lilikuwa mkononi.

Kampuni yao ilikuwa na watu wanne na chumba kimoja kikubwa nyuma ya nyumba ya kupanga, Kagarama. Walitengeneza mfumo wa kompyuta wa maduka ya dawa. Mfumo ulimwambia mwenye duka dawa gani ipo, iko rafu ipi, itaharibika lini, na lini aagize nyingine. Si jambo la ajabu. Kampuni kubwa zina mifumo kama hiyo, na mizuri zaidi. Walichokuwa nacho wao ni kwamba mtu akipiga simu anampata Veronica, na Veronica mwenyewe alikuwa ameuza dawa Nyamirambo miaka saba, na stashahada yake ya famasia ya Mwanza akiwa ameitundika ukutani. Alijua duka la dawa linavyonuka saa kumi na mbili asubuhi. Alijua kwamba mwenye duka hasomi maelekezo, huita mtu. Akiitwa, alipanda moto, pikipiki ya abiria, akaenda, akakaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya kaunta mpaka mtu aelewe. Maduka sitini na moja waliyapata hivyo, duka moja likimwambia lingine.

Na walikuwa na ujanja wao. Kila mfumo lazima ufanyiwe marekebisho, na wakati wa marekebisho lazima uzimwe. Makampuni mengine huzima usiku na wataalamu wao hukesha. Wao hawakuwa na wa kukesha. Kaze, aliyeandika mfumo wote kwa mikono yake miwili, ndiye aliyewaza kuhusu umuganda: maduka yote yamefungwa kwa saa tatu, mchana kweupe, kila mwezi, nchi nzima, na hakuna hata mteja mmoja atakayelalamika. Aliupanga mfumo ujizime wenyewe saa mbili, ujirekebishe, ujiwashe saa tano. Wao wanne walikwenda kuzibua mitaro kama watu wengine, wakirudi wakakuta kazi imekwisha. Miaka mitatu hawakukosea hata mara moja. Mutsinzi, mwenye kampuni, alipenda kuwasimulia wageni habari hiyo. Wageni walicheka, wakaandika kwenye madaftari yao.

Mutsinzi ndiye aliyeileta kliniki. Aliacha kazi ya benki kwa ajili ya kampuni hii, na hakuwa mjinga. Alikuwa ameona maduka madogo ya dawa yanavyonunuliwa moja moja na wenye maduka makubwa, ambao wana mifumo yao.

"Vero, hawa wateja wako wanakufa," alimwambia mwezi wa tatu, ofisini, mbele ya wengine. "Leo sitini na moja. Mwaka ujao arobaini. Tukikaa hapa kwenye viti vya plastiki tutazikwa navyo. Lazima tupande Kimihurura."

"Kupanda tutapanda. Huko juu tutasimama na nini?"

"Dawa ni dawa. Friji ni friji."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa ni wao. Sisi ni dawa."

Natacha, aliyekuwa akipokea simu na kuandika barua, aliinamia kompyuta yake. Kaze alikuwa ameweka vipokea sauti masikioni lakini hakuna kilichokuwa kinapiga, Veronica alimjua. Veronica alisema tena kwamba hawana mtu wa zamu, kwamba Kaze akiugua hakuna mwingine anayejua kuwasha mfumo, kwamba kliniki si duka. Mutsinzi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema uwezo haungojewi nyumbani, unakutwa njiani. Lilikuwa jambo zuri kusikia. Hata Veronica alilipenda kidogo, akaacha kubisha. Alikuwa na watoto wawili shuleni na aliichoka hofu ya karo ya kila Januari.

Bodi ya kliniki ilitaka michoro. Walitaka kuona kwenye skrini kubwa, kwa rangi, dawa zinavyoingia na kutoka. Kaze akafanya michoro miezi miwili. Kazi nyingine zote ziliwekwa kando, na ile ya kuitenga kliniki na maduka, iwe na swichi yake peke yake, ilikuwa mojawapo. Wakati huohuo maduka saba yaliondoka, kwa kuwa wenye maduka walipiga simu Veronica akawa yuko Kimihurura akifundisha wauguzi.

Lakini kosa lenyewe lilikuwa la Veronica, na alilijua tangu alipoanza kuteremka kile kilima. Yeye ndiye aliyekwenda na fomu. Kila mteja mpya alijaziwa fomu ya maswali arobaini, na yeye ndiye aliyeiandika, miaka iliyopita, kwa ajili ya maduka. Haikuwa na swali la kama mnafunga siku ya umuganda. Nani angeuliza? Ni kama kuuliza kama jua linachomoza Jumamosi. Alikaa na Mukabalisa siku nzima, wakajaza maswali yote arobaini, wakanywa chai, na hakuna kati yao aliyelitaja. Mukabalisa hakulitaja kwa sababu kliniki ya uzazi haifungwi, na hilo pia ni kama jua. Wiki mbili kabla ya umuganda huo, wa kwanza tangu waanze kuutumia mfumo, kliniki iliyafungia kabatini madaftari yake ya dawa. Mutsinzi ndiye aliyesema hayahitajiki tena.

Barabara ilikuwa tupu. Askari wawili kwenye kona walimtazama mwanamke anayekimbia na mabuti na jembe, mmoja akanyoosha mkono kumsimamisha, kisha akauteremsha. Hakuna moto. Hakuna gari. Alimpigia Kaze mara sita. Iliita tu. Kaze huiacha simu nyumbani kwenye chaji siku ya umuganda, kwa sababu mwaka jana iliwahi kuangukia kwenye mtaro.

Akamkuta Kagarama chini ya barabara ya mawe, kati ya watu thelathini, akijaza udongo kwenye mfuko. Kaze alimwona kwa mbali akacheka.

"Mama Koku, unakimbia na jembe. Umeua nani?"

Pumzi zilikuwa zimemwishia Veronica. Alimwonyesha tu simu. Kaze akausoma ujumbe aliokuwa ameutuma Mukabalisa wakati ule, wa neno moja: *Haraka*. Uso wake ukageuka. Akauacha mfuko wa udongo ulivyo.

Mfumo uliwashwa saa nne kasoro dakika kumi, kutoka kitandani kwa Kaze, kompyuta juu ya mto, vidole vyake vikiacha matope kwenye vibonyezo. Veronica alisimama mlangoni. Skrini ilipofunguka, ilionyesha mara moja, kwa rangi ya kijani, kwamba dawa ya kuzuia damu ilikuwa imehamishwa Ijumaa jioni kutoka friji ya chumba cha kujifungulia kwenda friji ya ghorofa ya pili. Chupa kumi na mbili. Mfumo ulikuwa unajua kila kitu.

Mukabalisa aliipata mwenyewe, kwa kufungua friji moja baada ya nyingine. Alichelewa dakika kumi na saba. Mama aliokolewa, na mtoto wake, msichana, alikuwa mzima tangu mwanzo. Lakini damu haikusikia dawa tena, na saa sita mchana daktari alimtoa kizazi. Mama huyo alikuwa na miaka ishirini na nne. Msichana huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza.

Hayo Veronica aliambiwa kwa simu, jioni, akiwa jikoni kwake anakatakata majani ya dodo, mchicha wa huko. Alimaliza kukata. Akamwambia mwanawe mkubwa aangalie maharage, akaingia chumbani akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono imelala mapajani. Hakulia. Alizihesabu zile dakika moja moja, mpaka kumi na saba, kuona zina urefu gani. Zilikuwa ndefu kuliko alivyodhani.

Jumatatu kliniki iliwaita. Mutsinzi alikuja kumchukua kwa gari lake, amevaa suti ya kijivu, macho mekundu. Walipanda mpaka kwenye taa nyekundu za barabarani.

"Daktari mwenyewe amesema huenda angepoteza kizazi hata kama dawa ingepatikana mara moja," Mutsinzi alisema. "Nimeongea naye."

"Huenda."

"Nakuambia alivyosema."

"Nimesikia alivyosema."

Taa ikawa kijani. "Wako tayari kuendelea," akasema. "Bodi iko tayari. Wanachotaka ni kuhakikishiwa tu. Mtu wa kupokea simu saa ishirini na nne, na mfumo wao uwe peke yake. Nimewaambia tunaweza. Lakini mkuu wa wauguzi hataki kusikia kutoka kwangu. Anataka wewe useme."

"Niseme nini?"

"Kwamba tunaweza."

"Nani atapokea simu saa nane usiku?"

"Wewe na Kaze, kwa zamu, mpaka tupate watu."

"Na Kaze akienda kuoga?"

"Vero, usinifanyie hivyo."

"Nauliza. Mimi nikipokea simu, nitafanya nini? Kuwasha sijui. Nitamwamsha Kaze. Kwa hiyo si zamu, ni Kaze. Kaze na simu yake iliyoko kwenye chaji. Kumfundisha mtu wa pili kunachukua miezi mingapi? Wewe ulikuwepo ukiambiwa."

"Sita."

"Miezi sita ina umuganda sita. Na siku nyingine mia moja sabini na kitu ambazo watoto wanazaliwa."

Mutsinzi alishika usukani kwa mikono yote miwili kama mtu anayejifunza kuendesha. "Unajua tukiipoteza hii tunabaki na nini," akasema polepole. "Maduka hamsini na nne. Watu wawili wanaweza kuishi kwa maduka hamsini na nne, si wanne. Natacha ana mimba, umemwona. Wewe una Koku na mdogo wake. Mimi sikuongopei, Vero. Sikuongopei hata kidogo. Ukisema hatuwezi, unamfukuza mtu kazi, na huenda ni wewe."

Alikuwa anasema kweli. Veronica alitazama nje, wafanyakazi wa manispaa wakifagia majani yaleyale ya kila siku. Alitafuta jibu ambalo lingewaweka wote wanne kazini na lisimdhuru mama yeyote. Alilitafuta kwa bidii, toka taa zile mpaka lango la kliniki. Hakulipata, kwa sababu halikuwepo.

Mukabalisa aliwapokea ofisini kwake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye nywele fupi zenye mvi. Meza yake haikuwa na kitu isipokuwa kalamu. Hakuwapa chai. Mutsinzi alianza kuomba radhi kwa Kinyarwanda, kwa maneno mazuri na ya heshima, na yeye akamwacha amalize, akaitikia "Yego," ndiyo, kisha akamgeukia Veronica na kuhamia Kiswahili.

"Mimi sina maneno mingi. Bodi iko nasema mashini ni nzuri, picha ni nzuri. Kweli ni nzuri. Mimi niko nauliza wewe, juu wewe ndiye ulikaa hapa na bauguzi bangu, unabajua majina. Ile mashini ikizima tena, saa yoyote, kuna mtu atawasha?"

"Kuna mtu mmoja," Veronica alisema.

"Mmoja."

"Ndiyo. Akiwa macho, akiwa na simu, akiwa mzima. Wa pili hatuna. Tukianza leo kumfundisha, atakuwa tayari baada ya miezi sita."

"Tunaweza kuharakisha," Mutsinzi akaingilia, kwa upole. "Mama, kuna njia za..."

Mukabalisa aliinua kidole kimoja bila kumtazama. "Madame Vero. Mnaweza ao hamuwezi?"

Veronica alifikiri juu ya Natacha, ambaye asubuhi ile alikuwa amemletea ndizi mbili ofisini bila kusema neno. Alifikiri juu ya Koku na sare ya shule iliyokuwa imeshakuwa fupi. Kisha akaacha kufikiri, maana kadiri alivyoendelea ndivyo neno lilivyozidi kuwa zito kutoka.

"Hatuwezi," akasema. "Tulikuwa hatuwezi tangu mwanzo. Tunajua maduka. Hatukuijua kliniki, na hatukuuliza. Fomu ile niliyokujazia ni ya maduka, niliiandika mimi, na mimi ndiye sikuuliza kuhusu umuganda."

Kwenye korido kitanda cha magurudumu kilipita, gurudumu moja likigonga. Mutsinzi aliinamisha kichwa. Veronica aliona sehemu ya nyuma ya shingo yake, iliyonyolewa vizuri kwa ajili ya siku hiyo, akahisi uchungu kama wa kumpiga mtoto aliyelala.

"Mimi pia sikusema," Mukabalisa akasema baadaye. "Niliona fomu, nikaona haiko na siku ya kufunga, nikasema basi banajua. Na madaftari nilifunga mimi." Akaishika kalamu, akaiweka. "Lini mnatoka?"

"Si leo. Tukitoka leo hamtajua mna nini kwenye friji. Toa madaftari yenu. Tuandike kila kitu kwa mkono, chumba kwa chumba, na mfumo ukiwa bado umewashwa, tulinganishe. Ni siku nne au tano. Kaze hatagusa swichi mpaka nimwambie. Nyinyi mkiweza kufanya kazi bila sisi, ndipo tutaondoka."

Mukabalisa alimtazama kwa muda, si kwa shukrani, wala si kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayepima kama kamba itashika. Kisha akafungua droo akatoa funguo.

Mutsinzi alisimama. Aliaga kwa Kinyarwanda, akampa Mukabalisa mkono kwa heshima, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Mlangoni alimwambia Veronica, kwa sauti ambayo haikuwa na ugomvi ndani yake, "Natacha nitamwambia mwenyewe. Wewe usimpigie."

"Sitampigia."

"Kaze naye."

"Sawa."

Akaenda. Kutoka dirishani Veronica alimwona akifika kwenye gari, akisimama kando yake, koti la suti mkononi, bila kufungua mlango.

Friji za chini ziliwachukua mpaka saa sita. Mukabalisa alisoma, Veronica akaandika, na pale ambapo skrini na rafu hazikukubaliana walirudia. Saa sita wakapanda ghorofa ya pili, Mukabalisa mbele na madaftari matatu kifuani.

Kwenye korido ya juu, nje ya chumba cha nne, kijana alikuwa amekaa kwenye benchi. Miguu yake mirefu ilijaza njia. Pembeni yake palikuwa na beseni la plastiki jipya, ndani yake nguo ndogo nyeupe zilizokunjwa, chupa ya chai, na sabuni ambayo haijafunguliwa. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo, mtoto akilia ndani kile kilio cha wiki ya kwanza kinachofanana na mlango mkavu. Veronica alijua ni mume wa nani.

Veronica alisimama. Tangu Jumamosi alikuwa ameyatafuta maneno ya kumwambia mtu huyu, na alikuwa nayo, mafupi, ameyapanga. Kijana aliinua macho, akawaona wanawake wawili wenye madaftari, akadhani ni wafanyakazi wa pale wanaotaka kupita. Akavuta miguu yake. Akalishika beseni kwa mikono miwili akalisogeza chini ya benchi.

"Mbabarira," akasema. Samahani.

"Usiombe radhi," Veronica alisema kwa Kinyarwanda, na yale aliyoyapanga yakakataa kufuata. Alisimama pale kidogo zaidi ya inavyostahili. Kijana akamtazama kwa adabu, akingoja kama kuna jambo. Kisha mtoto akalia zaidi, kijana akainuka, akaingia ndani kwa mkewe.

Mukabalisa alikuwa ameshafungua friji, ile iliyokuwa na chupa kumi na mbili. Ubaridi ulitoka mpaka kwenye korido.

"Chupa kumi na moja," akasoma.

Veronica akaandika.